Mwanafunzi Wangu Bora wa Kirusi

Kirusi nilijifunza kwa mgonjwa. Shule yangu iliishia darasa la nane huko Kitui, na hakuna mwalimu aliyewahi kututajia kwamba kuna lugha ya namna hiyo duniani. Nilikuja Doha kufanya kazi za nyumbani kama wengine. Kisha vita vikaanza Ukraine, na mwanamke mmoja aliyekuwa akiishi na mumewe na watoto wao kwenye jengo refu huko The Pearl, mtaa wa matajiri kando ya bahari, akamleta mama yake mzazi kutoka Kharkiv, mji uliokuwa unapigwa makombora. Niliajiriwa nimhudumie huyo mama mzee. Alifika na mkoba mmoja wa mkononi na miguu iliyovimba mpaka viatu havikumwingia.

Kiingereza hakujua hata neno. Siku ya kwanza aliinyooshea kidole glasi ya maji, akalitaja jina lake kwa Kirusi, akanitazama. Nikalirudia vibaya. Akatikisa kichwa, akalitaja tena. Nilipompelekea maji mdomoni akaufunga mdomo. Kiu alikuwa nayo, nilimwona, lakini hakukubali kunywa mpaka nilipolitamka alivyotaka yeye. Hivyo ndivyo alivyonifundisha kila kitu: mto, shuka, supu, dirisha, dawa, geuka, lala, pole. Baadaye alinifundisha na herufi, kwa vitabu alivyowaagizia wajukuu wake. Wajukuu wenyewe hawakuvitaka, maana wao ni watu wa Kiingereza cha shule.

Nilipoanza kufuata habari kwenye televisheni nilimuuliza, "Mama, hii si lugha ya hao hao wanaowapiga?"

Alikasirika, akajiinua akakaa kitandani. "Lugha hii nilinyonya nayo," akasema. "Nyumba yangu wameichukua. Unataka niwape na ulimi?"

Sikumuuliza tena.

Alifariki mchana mmoja mwaka jana, nimemshika kisigino nampaka mafuta. Kumrudisha kwao hakukuwezekana kwa sababu ya vita, kwa hiyo alizikwa huku huku, kwenye mchanga, mbali na mumewe aliyelala Kharkiv. Tulikuwa watu wachache makaburini na jua lilikuwa kali. Mimi nilisimama nyuma. Sikulia mbele ya watu, si kawaida yangu.

Tuliporudi, binti yake, ambaye mimi humwita madam kama tunavyowaita wote huku, aliniita jikoni. Akaniambia kuanzia leo Kirusi hakitasemwa tena humu ndani. Alikuwa amekivumilia kwa ajili ya mama yake tu. Mdogo wake wa kiume yuko vitani, kwenye mahandaki, na yeye hataki tena kuisikia lugha ya watu wanaomrushia mabomu mdogo wake. Sasa ni Kiukraine au Kiingereza. Amri hiyo aliitoa kwa Kirusi, kwa sababu mimi na yeye hatukuwa na lugha nyingine tuliyoelewana vizuri.

Nilikubali. Nyumba ni yake, mama ni wake, mdogo ni wake. Lakini iliniuma. Tangu nitoke kwetu, hakuna mtu niliyekuwa karibu naye kama yule mzee, na kila tulichosemezana kilikuwa kwa lugha hiyo. Nikimkumbuka, namkumbuka kwa Kirusi. Sasa sikuwa na mtu wa kumwambia habari zake kwa maneno yake mwenyewe. Nilikuwa nasafisha chumba chake huku nikilisemesha godoro kimoyomoyo.

Ndipo rafiki yangu Mganda, anayefanya kazi mapokezi ya hoteli, akaniambia kwamba wageni Warusi wamekuwa wengi kwao na hakuna anayeweza hata kuwasalimia. "Nyabo," akasema, kwa heshima wanayowapa wanawake kwao, "wewe umekalia mali. Tufundishe." Anakaa Umm Salal, kwenye vila ya zamani iliyokatwa vyumba vingi, na chumba chake kina zulia kubwa. Tukaanza kukutana pale kila Ijumaa tukitoka kanisani. Ijumaa ndiyo Jumapili yetu huku.

Nilifundisha jinsi nilivyofundishwa. Nilikuwa nakuja na chupa kubwa ya karak, ile chai nzito ya maziwa na iliki, naiweka katikati ya zulia. Hakuna aliyemiminiwa mpaka aiombe kwa Kirusi sawasawa.

"Ticha, huu ni unyanyasaji," alilalamika dereva mmoja wa teksi, Mganda pia, mtu mnene mwenye maneno mengi. "Nimeendesha gari tangu asubuhi. Nipe chai kwa Kiswahili, hicho Kirusi nitakuletea kesho."

"Kesho chai itakuwa imepoa."

"Basi nipe kwa Kiganda, tukutane katikati."

"Tamka."

Alitamka. Rafiki yangu alicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kwenye mkoba wangu nilikuwa nimefunga utepe wa bluu na njano, rangi za Ukraine. Alhamisi nilikuwa namsaidia madam kuoka keki za asali. Wanawake wa Ukraine walioko hapa huziuza wao kwa wao na kutuma kinachopatikana nyumbani, kiende kwenye dawa na bandeji. Alhamisi naoka keki, Ijumaa nafundisha Kirusi. Dereva hakuliacha hilo lipite.

"Ticha wetu ni refa," alisema. "Anashangilia timu moja na kuifungia nyingine kamba za viatu."

"Refa hashangilii," rafiki yangu akamwambia.

"Ndiyo maana nasema ni refa mbaya."

Nilicheka pamoja nao, lakini nikiwa ndani ya basi nilikuwa nayawaza. Nilimwambia madam kuhusu darasa, sikuona sababu ya kumficha. Alikuwa anakunja nguo za watoto.

"Kwa hiyo unafundisha watu kuwakaribisha," akasema kwa Kiingereza.

"Nawafundisha kazi, madam. Ni watu wa hoteli na teksi."

"Siku moja neno ulilolifundisha wewe litamfikia mdogo wangu," akasema, akatoka akaacha nguo hazijaisha kukunjwa.

Niliona anazidisha. Watu wangu walikuwa wanajifunza kusema lifti iko kulia na kifungua kinywa ni saa moja. Nilikunja nguo zilizobaki nikiwa nimeudhika, na niliudhika wiki nzima. Ilikuwa kama kila mtu anayo haki juu ya lugha ile isipokuwa mimi niliyeoga jasho kuijifunza.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa Mkenya mwenzangu, mlinzi kwenye jengo moja la Lusail. Jengo lenyewe lilikuwa limekwisha kujengwa, limepakwa rangi, limewekwa taa, lakini watu hawajahamia. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni. Wengine wakitoka darasani walirudi kwenye wageni, simu na mizigo. Yeye alirudi mlangoni, akasimama na maneno yangu siku nzima, akiyarudia peke yake mbele ya vioo. Haikuchukua muda akawa ananijibu kwa sentensi ndefu.

Nasema ukweli: niliisubiri Ijumaa kwa ajili yake. Wengine walitaka maneno ya kazi. Yeye aliniuliza huyo mzee alikuwa mtu wa namna gani, na mimi nikamweleza kwa Kirusi, jinsi alivyoficha peremende chini ya mto, jinsi alivyowasema vibaya wasomaji wa habari, jinsi alivyoimba akiogeshwa. Alisikiliza na kuuliza tena. Huo ndio uliokuwa msiba wangu, kwenye zulia la Umm Salal, na yeye ndiye aliyekuja kunihani bila kujua.

Ijumaa moja akaanza kuniuliza maneno mapya. "Ticha, 'mkuu wangu' wanasemaje? 'Mbele'? 'Maji yametuishia'? 'Lala chini' nalijua, ulitufundisha."

Niliyajibu yale ya kwanza bila kufikiri. Lile la mwisho ndilo lililonisimamisha. Mimi nililifundisha kama unavyomwambia mgonjwa ajilaze apumzike.

"Mlinzi wa Lusail anamwambia nani alale chini?" nikamuuliza.

Alitazama zulia. "Mkataba wangu unaisha, ticha. Kampuni haiongezi. Kuna wakala Nairobi anapeleka watu Urusi. Kazi ya ulinzi. Maghala."

"Maghala ya nini?"

"Hakusema."

"Na wewe hukuuliza?"

"Ticha, nikija huku niliambiwa nakuja kulinda maduka makubwa. Nimelinda nyumba tupu. Wakala gani huwa anasema kitu kikawa hivyo hivyo?"

Rafiki yangu aliweka kikombe chini. "Wewe, si tunaziona hizo video? Vijana wetu wamevalishwa sare, wanalia kwenye theluji, wanaomba warudishwe nyumbani?"

"Hao hawakujua lugha," akasema. "Waliambiwa wekeni sahihi, wakaweka. Mimi nitaelewa kila neno. Nani atanidanganya?"

Aliamini kabisa alichosema. Mimi ndiye niliyekuwa nimempa hiyo imani, Ijumaa baada ya Ijumaa, nikimsifu mbele ya wenzake.

"Kusimama nimezoea," akaendelea. "Nimesimama kwenye jua hili miaka yote. Nikasimame kwenye theluji, kuna shida gani?"

"Jua halirushi risasi, bwana," dereva akamwambia. Safari hii hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Nikamwambia mlinzi kwamba mimi simfundishi tena. Kama ni huko anakokwenda, asikanyage zulia hili. Alisimama akavaa viatu taratibu. Akasema kwa upole, si kwa dharau, "Sawa, ticha. Lakini unachokijua wewe, nakijua tayari." Ilikuwa kweli. Sikuwa na kitu cha kumnyima.

Nilirudi The Pearl nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Kwa mlinzi? Ni mtu mzima anayetafuta riziki. Kwa wakala? Simjui. Kwa madam, kwa kuwa alinena kitu nikakiona cha kipuuzi na sasa kimesimama mbele yangu kina miguu? Asubuhi nilimwambia yote. Nilitegemea aniambie, 'Nilikwambia.' Hakuniambia. Alizima jiko na kusema, "Mlete niongee naye."

Walikutana kwenye viti vya kando ya bandari ndogo ya pale chini, jua likianza kupungua, watoto wake wakizunguka kwa skuta zao. Mlinzi alikuja amevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Madam alimsalimia kwa Kiingereza. Yeye, kwa kutaka kuonyesha heshima, akamjibu kwa Kirusi.

Madam alifumba macho kidogo. Kisha akaanza kusema, na alisema kwa Kirusi, haraka, bila kupumzika. Sikuwa nimeisikia lugha ile kinywani mwake tangu siku ya mazishi. Sauti ilikuwa ya mama yake kabisa. Ikabidi nigeuke nitazame boti.

Alimwambia hakuna maghala. Alimwambia watu wa nje ndio wanaotangulizwa mbele. Alimtolea simu akamwonyesha picha ya mdogo wake, kijana mwenye ndevu zilizochafuka amekaa kwenye handaki amepakata mtoto wa mbwa. "Huyu ndiye utakayeambiwa umpige," akasema. "Na yeye atakachoona ni mtu mwenye bunduki anamjia. Hataona Mkenya. Hatajua kwamba ulikunywa chai na mtu aliyemwosha mama yake."

Mlinzi alisikiliza ameinamisha kichwa, akiitikia mahali panapostahili. Mwisho akamwambia, kwa Kirusi safi kabisa, kwamba anampa pole kwa mama yake, kwamba mwalimu amemweleza mengi juu yake na anamheshimu kama vile alimjua. Madam alilia. Nilidhani tumempata.

Nikamsindikiza kuelekea kituo cha basi. Tulipofika mbali kidogo, uso wake ulikuwa umechangamka kama mtu aliyefaulu mtihani. "Ticha, umeona? Ameongea haraka vile na sikupotea hata mahali pamoja!"

Nilitaka kumpiga kofi. "Umesikia alichokwambia?"

"Nimesikia yote. Ni maneno ya uchungu. Namhurumia sana." Akaangalia nyuma, kwenye yale majengo na yale maboti. "Lakini ticha, yeye akiinuka pale anarudi nyumbani kwake. Mimi nikirudi kwetu, narudi kwenye nini?"

Nilimwacha kituoni nikarudi kumwambia madam kwamba anakwenda.

Madam aliinuka akaanza kukimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia. Niliwakusanya watoto na skuta zao nikamfuata, na tulipofika kituoni tulimkuta amemshika mlinzi mkono wa shati. "Basi jifunze hii," alikuwa anamwambia. "Ya mwalimu wako imetosha. Hii utajifunza kwangu." Akamtamkia sentensi kwa Kiukraine. Maana yake ni: msipige, nimejisalimisha, mimi ni Mkenya.

"Sitaihitaji, madam," mlinzi akasema.

"Sema."

Basi lilifika, milango ikafunguka. Madam hakumwachia shati. Watu waliokuwa wanapanda walitutazama: mwanamke wa Kizungu mwenye machozi, mlinzi mrefu anayeona aibu, mimi na watoto wawili. Mlinzi akasema ile sentensi, akaikosea. Akaambiwa tena. Akaikosea. Dereva wa basi akahimiza "yalla, yalla," akafunga milango, basi likaondoka.

"Ukiwaona watu wetu, tupa bunduki, inua mikono, sema hivyo," madam akamwambia. "Usiseme kwa Kirusi. Kwa Kirusi watakuua."

Safari ya nne au ya tano aliitamka sawa. Madam akamwachia. Mlinzi akanyoosha shati lake, akamshukuru kwa Kirusi, madam akamsahihisha, akashukuru upya kwa Kiukraine. Kisha akaniaga kwa Kiswahili. "Ticha, usikasirike hivyo. Nitakupigia nikifika."

Alifika Urusi, na alipiga. Alinitumia picha ya buti na ya sahani ya uji mweusi. Aliandika kwamba ghala bado hajaliona, kwanza wanafanya mazoezi. Aliandika kwamba yeye ndiye anayewatafsiria wenzake Waafrika amri, na kwamba wakubwa wanampenda kwa hilo. Ujumbe huo niliusoma nimesimama kwenye foleni ya dukani, nikatoka bila kununua kitu. Nilimwandikia arudi. Nilimwandikia kwa Kiswahili, kisha kwa Kirusi, labda kimoja kingemwingia. Baada ya siku chache jumbe zangu zikawa hazimfikii tena.

Darasa linaendelea. Rafiki yangu alisema watu wa hoteli hawana kosa, na ni kweli, hawana. Naenda na chai, nafundisha lifti na kifungua kinywa. Dereva anajitahidi kuchekesha. Akija mgeni mpya namuuliza anaitakia nini lugha hii, naye hunijibu, nami sina njia ya kujua kama ananiambia kweli. Hilo linanichosha kuliko kazi yote.

Kisha dada yake mlinzi akanipigia kutoka Kenya. "Wewe ndiye ticha?" akauliza. "Ndiye uliyemfundisha?"

"Ndiyo, ni mimi."

Nilingoja anitukane. Angefanya hivyo angenisaidia. Badala yake alisema, "Tafadhali, dada, sisi hatujui la kusema huko. Tumepewa namba ya ofisi moja huko Urusi. Wewe unajua lugha. Tuulizie."

Nilipiga nikiwa jikoni. Madam alikuwa anamenya viazi na alisikia kila neno, hakunizuia. Mwanamke mmoja alipokea, akaniambia nisubiri, nikasubiri mpaka simu ikakatika. Nikapiga tena. Akapokea mwanamume. Nilimsalimia vizuri, nikataja jina na nchi, nikamwomba aniangalizie.

Akacheka, si kwa ubaya. "Wewe ni nani?" akasema. "Unaongea kama bibi yangu." Nikamwomba tena. Akasema hapana mtu wa jina hilo, akakata. Tangu hapo namba haishiki.

Nilimwambia dada yake hivyo hivyo ilivyokuwa, sikuongeza wala sikupunguza. Akaniuliza kama yule mama wa Ukraine anaweza kuulizia upande wa kwao, kwa waliotekwa.

Madam alichukua simu yangu, akachagua picha ambayo mlinzi amesimama mbele ya jengo lake la Lusail, akamtumia mdogo wake kule handakini. Jibu lilikuja baada ya siku nyingi. Kijana yule aliandika kwamba Waafrika wanaoonekana ni wengi, na wengi wao hawafiki mikononi mwa mtu wakiwa hai. Akaandika kwamba ataulizia.

Kila akizungumza na mdogo wake, madam akimaliza huja nilipo. Kwanza huniambia mdogo wake yu mzima. Kisha husema, "Bado," nami huchukua simu, nampigia dada yake mlinzi, namwambia bado.